Dawa ya kijani imetuharibia siku

Nimemharibia mume wangu kazi yake kubwa ya kwanza, fulana za kwaya, na ndoa yetu ina wiki tatu tu!

Ananifundisha kuchapisha fulana hapa Kimbo. Dawa ya kushika picha kwenye fremu tuliyozoea ni ya pinki, na hukauka haraka kwenye mwanga. Leo tulikuwa na ya kijani. Nikaipa dakika zilezile za mwanga.

Nilipoimwagia fremu maji, picha yote ikabanduka.

"Mami, ya kijani hukawia," mume wangu akasema kwa upole. "Kosa ni langu, sikukuambia."

(Jamani, nampenda huyu mtu!)

Dawa ilikuwa imeisha. Mama wa kwaya, aliyekuwa akisubiri, akabeba fulana zake. "Basi tutazipeleka Thika zikachapishwe."

Mpenzi wangu akamsindikiza akitabasamu.

Aliporudi ndani, alilia.

Ninyi mngemwambia nini?