Mtu wa Kumi na Sita

Kama kuna mtu aliyezaliwa kuandika majina ya watu, ni Mwau. Miaka ishirini na miwili alikuwa nyapara katika shamba la vitunguu kule Kibwezi, na kila asubuhi alisimama langoni na daftari, akaandika kwanza jina lake mwenyewe, kisha vibarua mmoja mmoja mpaka idadi itimie. Aliyechelewa alirudi kwake. Hakuchukia mtu, hakupendelea mtu. Alipostaafu akarudi kwao Mbooni, huko vilimani, wakamfanya mzee wa kijiji. Kazi yenyewe haina mshahara ila ina heshima, na heshima Mwau aliipenda kuliko nyama.

Corona ilipoingia, naibu wa chifu alimpa daftari jipya akamwambia kazi ni moja tu: mazishi yasizidi watu kumi na watano. Wakizidi, wa kwanza kulala selo ni yeye mwenyewe. Mwau alilishika lile daftari kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Watu walinung'unika, wee! Ndolo, kijana wa bodaboda mwenye mdomo, aliuliza ni ugonjwa gani huu unaokaa matangani na makanisani, lakini sokoni hauonekani, wala hauthubutu kukanyaga mikutano ya wanasiasa. Wengine walisema huo ni ugonjwa wa watu wa ndege. Akina mama waliuliza maji wanayopanda nayo mgongoni kutoka mtoni wanawie mikono au wapikie. Wakasema nchi hii ni huru, na mtu huru huzikwa na watu wake. Mwau aliwajibu kwamba hata kaburini kuna uhuru, hakuna anayekukataza kitu huko, basi nani anautaka?

Na tuseme ukweli, hakuwa mjinga. Ugonjwa ulikuwepo. Ulimkamata Musembi, dereva wa lori, akiwa Mtito Andei, na siku ya sita akafa akitafuta pumzi. Musembi alikuwa mtoto wa pekee wa Mutanu, mjane mwenye goti bovu. Na huyo Mutanu ndiye aliyekuwa rafiki wa Kasiva, mke wa Mwau, tangu wakiwa wasichana. Waliimba pamoja kanisani, walilima pamoja katika mwethya, lile kundi la majirani linalosaidiana shamba hadi shamba.

Barabara ya gari inaishia dukani. Kutoka hapo hadi kwa Mutanu ni mlima wa nusu saa, na jeneza hubebwa na kijiji kizima, mabega yakipokezana. Siku hiyo walibeba wanane wale wale, mbio mbio, kwa sababu polisi walikuwa dukani na saa za kuzika zilikuwa zimepangwa. Mutanu aliachwa nyuma na goti lake, Kasiva akimshika mkono. Waliobaki walijipanga njiani wakitazama.

Mwau alisimama kwenye mwanya wa ua wa mkonge akiandika kila anayeingia. Mutanu alipofika, daftari lilikuwa limejaa.

"Mama Musembi," alimwambia, "watu wametimia."

Mutanu alidhani hakusikia vizuri. Akamwambia huyu anayezikwa ni mwanawe na boma hili ni lake. Mwau akasema hayo yote anayajua, lakini hesabu ni hesabu. Ndolo, aliyekuwa ameshika kamba ya jeneza, alisema atatoka yeye ili mama aingie. Mwau akakataa. Akitoka mmoja, alisema, hao wote walioko njiani wataingia. Jeneza likashushwa. Mutanu akainama kwa shida, akachota udongo pale pale aliposimama, akaurusha juu ya ua kuelekea kaburini. Haukufika hata nusu ya njia.

Jioni Kasiva aliweka ugali mezani na hakuketi.

"Nimesoma daftari lako," alisema. "Wa kwanza ni wewe. Si ungetoka wewe?"

Mwau alitaka kujibu kwamba nyapara lazima awepo. Lakini wazo la kutoka yeye halikuwa limempitia akilini hata mara moja, na aibu ilimchoma.

Basi si angeenda kuomba msamaha? Hakwenda. Leo mvua, kesho mavuno, keshokutwa ana kikao na chifu. Kiburi kikipata sababu hakikosi nyingine. Miaka miwili ikapita hivyo. Sheria zikaondolewa, maski zikatupwa, makanisa yakajaa tena. Watu walimsalimu Mwau kwa adabu, adabu nyingi mno, na hakuna aliyemwita tena kwenye mwethya.

Kisha sukari ikammaliza Kasiva. Hospitalini walimkata mguu, na kidonda kikaendelea kupanda. Aliomba jambo moja tu: Mutanu amtupie udongo. Mwau akamtuma mwanawe Kiilu, mwalimu huko Kitui, apeleke ujumbe. Kiilu alirudi akasema mama yule alisikiliza hadi mwisho, akaendelea kupepeta mbaazi zake.

Siku ya mazishi Mwau alisimama dukani kando ya jeneza akingoja kijiji. Walikuja kumi na wanne, pamoja na pasta na Kiilu. Alingoja tena, akitazama njia zote, na hakuja mwingine. Wakabeba. Mabega ya kupokezana hayakuwepo, kwa hiyo Mwau naye, na miaka yake sitini na nane, aliingia chini ya jeneza la mkewe na kupanda nalo hadi nyumbani. Hakuna aliyemsema vibaya. Heri wangemtukana.

Jeneza lilipowekwa kando ya kaburi, Mutanu akatokea njiani na fimbo yake, akaja mpaka langoni. Ndolo alikuwa amesimama hapo.

"Mzee, tumetimia," Ndolo alisema polepole. "Kumi na watano, pamoja na wewe."

Polisi hawakuwepo wala sheria haikuwepo. Kiilu alikasirika, akataka kumsukuma Ndolo, lakini baba yake alimshika mkono. Mwau alimtazama Mutanu, akalitazama jeneza. Kisha akatoka nje ya ua.

"Ingia, mama," alimwambia.

Mutanu aliingia bila kumtazama. Mwau alisikia kamba zikisuguana na mbao, akasikia pasta akiomba, akasikia Mutanu akianzisha wimbo ambao Kasiva alikuwa akiuimba akiteka maji. Alijua atakapoitwa ataingia mbio. Majembe yakaanza. Alingoja jina lake hadi udongo ukaacha kulia juu ya mbao, na hakuna aliyeliita.

Mutanu alitoka akijipangusa viganja, akasimama mbele yake.

"Mimi nimetoka," alisema. "Sasa nafasi ipo."

Mwau akaingia. Kaburi lilikuwa limeshajaa, na vijana walikuwa wakifuta majembe yao kwa majani.