Kiti cha Magugu

Kiti nilichonunua juzi kimesukwa kwa magugu ya ziwani. Kikipata unyevu kinanuka kama Dunga, ufuo wa utoto wangu.

Asubuhi moja magugu yaliziba ufuo wote, mashua zikiwa bado majini na baba akiwa katika mojawapo. Mchana tuliwaona wavuvi kwa mbali wakihangaika kupita. Jioni hatukuwaona tena.

Mama alipima unga kama siku zote, pamoja na wa baba, akabandika maji.

"Mama, na kama hatarudi?" jirani alimwuliza.

"Njia anaijua Mungu. Mimi najua kusonga ugali."

Tulikaa mlangoni, macho yetu yote ziwani. Baba alitokea nyuma yetu, barabarani, amejaa vumbi hadi magotini. Upepo ulikuwa umewasukuma mpaka ufuo mwingine, akarudi kwa miguu. Mama alimnawisha mikono. Ugali ulikuwa bado moto.

Kiti nimekiweka barazani. Wageni huniuliza kwa nini nimekielekeza barabarani, na ziwa zuri hivi liko nyuma yangu.