Mistari niliyoiona kwenye kioo cha kompyuta haikutoka kwenye karatasi, na kazi ya Chake nimeikosa

Assalaam alaykum wakuu.

Hii si chai, wallahi. Yamenikuta mwenyewe, na nayaandika hapa kwa sababu nyumbani nimechoka kuulizwa.

Mie ni binti wa Kengeja. Naishi na mama, macho yake yamefifia, na anayemshika mkono ni mie. Kaka yangu yuko Unguja, ameshasema nikikosa kazi Pemba niende nikamsaidie dukani. Mama hataki kuhama.

Sasa ikatoka nafasi ya ukarani ofisi moja Chake. Hiyo ndiyo ingenibakisha na mama.

Nikaitwa usaili. Mama alinisomea dua mpaka gari ikafika.

Tukakalishwa kila mtu na kompyuta yake. Mtihani: panga kwa Excel miche ya karafuu ya kila shehia. Vichwa viwe bold na underline, jedwali liwe na borders, jumla ipigwe mistari miwili chini. Halafu print.

Jamani, Excel si nimeisomea!

Nikaandika mbio mbio. Bold, Ctrl+U, SUM, double underline kwenye jumla. Borders? Si nilikuwa naziona, vile vijistari vya kijivu vimezunguka kila cell. Nikamaliza wa kwanza.

Kulia kwangu alikaa dada mmoja wa Kiuyu, anahangaika na kile kitufe cha borders. Anachagua, anafuta, anachagua tena. Nikamuonea huruma. Nikasema moyoni, maskini, anachora mistari ambayo ipo tayari.

Hapa lazima niseme kitu. Pale niliposomea kozi, printa ilikuwepo, imefunikwa kitambaa cha maua. Wino ndio haukuwepo. Mwalimu wimbo wake ulikuwa mmoja, "Tutaprint wino ukija." Kozi ikaisha, cheti nikapewa, na sikuwahi kuiona kazi yangu hata moja kwenye karatasi.

Basi nikabonyeza print.

Karatasi ikatoka nyeupeee. Jina la shehia huku, namba kule, mstari wa jedwali hata mmoja hakuna. Nikadhani printa mbovu, nikaprint tena. Yale yale. Ya dada wa Kiuyu ikatoka imefungwa kila upande, inapendeza.

Nikamuomba Bi msimamizi peni na rula nichore. Akanitazama kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza.

"Mwanangu, hapa tunatafuta mtu wa kompyuta."

Nililia kwenye gari mpaka Kengeja, abiria wakanipa pole wakidhani nimefiwa. Kazi kapewa yule dada. Simchukii, kaistahiki.

Somo, kwa anayekwenda usaili: vile vijistari vya kijivu vinaitwa gridlines, ni vya kukuongoza wewe kwenye kioo tu. Shika jedwali lote, weka All Borders. Underline inapita chini ya maandishi peke yake, mstari wa kupita cell nzima ni Bottom Double Border. Na kabla ya kuprint, angalia Print Preview. Mie nimeyajua haya baada ya kuharibikiwa, sijui yanifae nini.

Mama nilimpa ile karatasi. Akaipapasa.

"Hesabu ulikosea?"

"Sikukosea, mama."

"Majina je?"

"Yote sawa. Ni mistari tu."

Akanikunjia, akanirudishia.

Keshokutwa napanda boti bandarini Mkoani, naenda Unguja kwa kaka. Tangu juzi mama anajifundisha kwenda jikoni peke yake, mkono ukutani. Nikitaka kumshika ananikataza, anasema na azoee. Mie nasimama mlangoni namtazama, roho inaniuma mpaka basi.

Mwenye ushauri, au anayesikia kazi yoyote hapa Pemba kabla sijaondoka, aseme. Hata wa kunicheka karibuni, nitasoma.

Ila asije mtu akaniambia eti ni mistari tu.