Bamba Lisilo na Nyama

Mpaka leo mtu akiniambia kompyuta ilituletea maendeleo Bariadi, namwitikia tu na kuondoka. Nikifungua mdomo tutakosana.

Nilikuwa mkereza vyuma katika karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba. Kipuri kikilika kule kwenye mitambo, sisi ndio tuliokitengeneza. Halafu kiwanda kikabinafsishwa, wenzetu wakapunguzwa, tukabaki mimi na mzee mmoja fundi wa kuchomelea. Meneja mpya akatuambia wazi: karakana sasa itakwenda kwa michoro ya kompyuta, atakayejua kuchora atabaki na mashine yake, asiyejua akalime. Mzee akanigeukia. “Mayu, kazana wewe,” akasema, akiniita mama kwa heshima ya Kisukuma, ingawa angeweza kunizaa. “Mimi macho hayataki tena.” Nikakazana. Mashine ile ya kukerezea nilikuwa naipenda, na jembe nililikimbia kwetu Sapiwi tangu usichana.

Mwalimu aliletwa kutoka Dar, kijana wa marashi na haraka. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unachora umbo kwa mistari ya hovyo, kisha unaifunga: huu uwe wima, hii miwili ilingane, tundu likae katikati. Mwisho unaandika vipimo. Mstari ambao haujafungwa ni wa bluu, uliofungwa ni mweusi, na ukifunga kupita kiasi mchoro unageuka mwekundu. Kilichonishinda ni yule mwalimu. Nikisita kidogo tu, ananipokonya mausi ya kompyuta na kumaliza mwenyewe. “Umeona, mama?” Nimeona nini? Nimeona mkono wako. Hata anayefundisha kukamua ng’ombe humwachia mwenzake chuchu.

Siku moja nilichora bamba la kushikia beringi, mchoro ukawa mwekundu. Akasoma vipimo vyangu, akacheka mpaka watu wa stoo wakaja kuangalia. Nilikuwa nimeacha nyama. Ndivyo karakana yetu ilivyofanya kazi: kila kipimo unakiongezea kidogo, na hiyo ziada ndiyo tuliyoiita nyama, kwa sababu mitambo yetu ilikuwa imezeeka na kupinda, na hakuna kipuri kilichoingia mpaka ukipeleke pale pale ukipige tupa, kidogo kidogo, kikubali. Basi nilitia nyama kutoka ukingo hadi tundu, tundu hadi tundu, na urefu wote nao nikaupa yake. Ukijumlisha vipande, vinapita urefu niliouandika.

“Mama anafuga chuma,” akawaambia wale watu, “anakinenepesha.”

Walicheka wote. Nilikasirika.

“Mwanangu,” nikamwambia, “mikono yako itie mfukoni. Ukigusa hiyo mausi tena tutaonana wabaya.”

Hakuigusa tena. Nikafuta vipimo vyote, nikaenda kwenye mtambo wenyewe na kuupima upya, na mpindo wake nikauingiza kwenye mchoro. Mistari ikawa myeusi. Meneja akaja kujaribu, akabadilisha kipimo kimoja, matundu yakasogea yenyewe na kukaa sawa. Akanipa mkono. Akataka vipuri vyote vichorwe namna ile ile. Nikavichora masika nzima, nikiamini nailinda kazi yangu.

Kabla pamba haijaanza kuingia, likafika sanduku kutoka ng’ambo. Ndani mlikuwa na bamba langu, na matundu yangu, linang’aa. Walikuwa wameituma michoro yangu kwa watengenezaji wa huko bila kuniambia. Meneja akasema nilifunge mwenyewe, eti ni heshima yangu. Mzee akanishikia tochi, nami nikabeba tupa kwa mazoea.

Bamba liliingia mara moja. Halikugoma popote, boliti zikapita zote. Meneja akatushukuru, kisha akasema pale pale kwamba mashine ya kukerezea imepata mnunuzi, na karakana itakuwa stoo.

Mzee alizima tochi. Yule mwalimu alikuwa amenicheka kwa sababu ya nyama, na mimi, kwa hasira, nikaiondoa yote. Nilisimama na tupa mkononi, nikilitazama lile bamba lilivyokaa. Ningeiacha ile nyama, lisingeingia bila tupa yangu, na wangenihitaji.