Ndege ya Ramazani juu ya Mbabula

Kwa umri huu hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Shule niliacha darasa la tatu, na leo nina kamyo nne za mizigo zinazopita mpaka wa Kasumbalesa. Wenye diploma wananiita patron. Ninyi mliokulia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, pamoja nami mnajua sijisifu. Haya, kidogo najisifu.

Enzi zetu mtoto alijitengenezea mwenyewe. Watoto wa leo wananunuliwa ndege ya plastiki asubuhi, mchana bawa moja liko chini ya kitanda, jioni wanalilia betri. Sisi ndege tulizichonga kwa mabua ya mahindi, tukakimbia nazo tukinguruma kwa midomo mpaka mate yakakauka. King'ora cha kiwanda kikilia, baba zetu wanarudi wananuka moshi wa tanuru, nasi tunanawa mikono kula bukari, ugali wetu, na dagaa tunaowaita ndakala.

Ndege ya chuma mtaani kwetu ilikuwa moja tu, ya rafiki yangu Ramazani, mtoto wa watu wa Maniema. Baba yake alikwenda vitani, akafika hadi Misri, akafia huko kwa homa. Askari mwenzake alirudi na mzigo mdogo: shati moja, na ndege ya kivita aliyokuwa amemnunulia mwanawe. Ilienea kiganjani, nzito, ina maduara mekundu na ya bluu kwenye mabawa.

Rangi yake ilikuwa imeanza kubanduka. Hapo nikaona nafasi ya kuwa mkubwa. Baba yangu alikuwa mtu wa tanuru, na katika mji wetu kitu chochote kizito kisichoshika kutu tulikiita mukuba, yaani shaba. Nikamwambia Ramazani nitaichoma ile rangi, mukuba ung'ae, halafu tuipake upya. Alikataa siku mbili. Ya tatu alinipa, kwa sharti irudi kabla mama yake hajatoka sokoni.

Baba alikuwa na neno lake: "Mukuba haiogope moto ya bukari." Basi nikailaza ndege juu ya makaa ya mbabula, jiko la mama, nikaanza kumweleza Ramazani mambo ya tanuru kama injinia. Moshi wa rangi ukatuwasha macho. Halafu pua ya ndege ikainama, kama mzee anayesinzia misani. Bawa likafuata. Nilipoleta koleo, ilikuwa imeshatiririka kati ya makaa kama mafuta. Kumbe haikuwa mukuba hata kidogo.

Ramazani hakulia. Alingoja donge lililobaki lipoe, akalifunga kwenye pindo la shati.

"Ulisema unajua mukuba," aliniambia, akaenda.

Nilimngoja aje kunipiga. Tungekunjana mashati, yangekwisha. Hakuja. Nikajua ananichukia, nikaanza kupita njia ya nyuma nisikutane naye. Gololi nilicheza peke yangu, mkono wa kulia ukishindana na wa kushoto. Siku moja nikasikia wamehamia Pweto, kwa mjomba wake muuza samaki wakavu.

Nilipopata pesa nikaanza kukusanya ndege za kivita za chuma. Leo ziko thelathini na moja, kwenye kabati la kioo. Wanangu nimewakataza kuzigusa. Siku hizi hata hawaombi. Ya aina ile ya Ramazani sikuipata mpaka mwaka huu, kwa mzee mmoja wa Ubelgiji anayeuza kwa barua. Nikaipeleka Pweto mwenyewe.

Nilimkuta ana mvi, magunia ya samaki yamefika darini. Aliigeuza ndege mkononi, akacheka kidogo, akaniuliza kwa nini nimejisumbua hivyo. Nikamwambia yote, hata kwamba nilijua ananichukia.

"Ni weye uliacha kuya, ndugu," alisema. "Mama alikuwa anakuchungia bitumbula, mandazi yako, kila siku ya posho. Mpaka tulihama."

Watoto wa leo nawacheka, lakini wanagombana asubuhi, na jioni mikono yao iko kwenye sahani moja. Sisi tulikuwa na vichwa vigumu, na kule kunyamaza tulikuita uanaume. Ndege niliwaachia wajukuu wake. Nilipoondoka walikuwa wanaikokota mchangani, nikavumilia.

Gharama nimeziandika, kwa pesa yetu: ndege yenyewe, posta, ushuru, na mafuta ya kwenda Pweto na kurudi, zaire elfu sita mia mbili na arobaini.