Bangili ya Mwanvita na Panya wa Profesa Dadi

Saa tatu asubuhi, Jumatano, Profesa Dadi Mwinyijuma amekaa kwenye baraza ya nyumba ya shangazi yake hapa Bagamoyo, koti mapajani, macho kwenye mlango uliofungwa. Nyuma ya mlango huo yuko bibi harusi, siku ya tatu ya fungate. Mkononi mwa bibi harusi imo bangili. Na bangili hiyo, kwa maelezo ya profesa, ndiyo kazi yake yote ya mwaka huu wa 1976.

"Nisipoipata leo nimekwisha," anamwambia mwandishi wa habari hizi, kwa sauti ya chini kama mtu aliyeko msibani.

Profesa Dadi, mwenye umri wa miaka 44, anafundisha kemia Chuo Kikuu, Mlimani, Dar es Salaam. Tangu arudi kutoka masomoni Uingereza mwaka 1968, anatafuta dawa ya saratani, na anaitafuta ndani ya metali. Wataalamu wa ng'ambo wamekwisha kuona kwamba chumvi inayotengenezwa kwa platini, metali nyeupe ya bei mbaya, huzuia uvimbe usikue. Kasoro yake ni kwamba inawaharibu wagonjwa figo. Yeye anataka kupata itakayozihurumia figo.

Kwa kuwa platini haikamatiki, miaka yote hii amejaribu shaba, zinki na nikeli. Amekwisha kupika michanganyiko thelathini na minane. Wa kumi na mbili ulimwacha na vidole vya kijani mwezi mzima. Wa ishirini na saba uliwamaliza panya wote kabla ya chai ya saa nne.

Vidole hivyo ndivyo vilivyompa sifa hapa mtaani. Watu wengi wanaamini kazi yake Chuo Kikuu ni kupaka rangi, na akija Jumamosi hakosi mtu wa kumwomba aje kumpakia milango.

Mwaka huu bahati ilimwangukia. Baada ya kusubiri kibali cha fedha za kigeni kwa miezi kumi na moja, alipata waya wa platini wa gramu kumi na nne, urefu wa shubiri moja. Kabati la maabara kitasa chake kibovu, kwa hiyo akaona mahali salama kuliko pote ni kasha la Bi Mardhiya, shangazi aliyemlea, ambaye ufunguo wake haumtoki shingoni. Akaufunga waya kwenye leso safi, akamwomba shangazi amfungulie kasha, akautia ndani, asimwambie mtu ni kitu gani. Msomi wa watu, akili zilimwishia hapo.

Desturi ya nyumba hii ni kwamba mjomba ndiye anayetoa pambo la kwanza la mpwa wake anayeolewa. Mwanvita, bibi harusi, ni binti wa marehemu Mina, dada yake profesa. Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili na mjomba hajasema lolote, maana alikwisha kusahau. Bi Mardhiya alikuwa akiona aibu hata kupita kwa majirani. Ndipo siku moja alipofungua kasha atafute kanga, akaikuta leso ya profesa na waya mweupe ndani yake.

"Nikasema, kumbe mtoto huyu ana adabu," anasimulia. "Ameona haya kunikabidhi mkononi."

Akaupeleka waya kwa Fundi Husseni, sonara, auyeyushe na kuuchanganya na fedha kidogo ili bangili iwe nene.

Fundi Husseni bado ana hasira. Alivukuta moto siku tatu, akamaliza magunia mawili ya makaa, akasoma na Yasini. "Nimeyeyusha fedha, nimeyeyusha dhahabu, nimeyeyusha mpaka meno ya watu," anasema. "Kile kilikuwa kinanitazama tu." Mwishowe aliufua kwa nyundo, akaukunja ukawa bangili nyembamba, akakataa malipo na kuomba asiletewe tena kitu kile.

Kushindwa huko ndiko kulikomwokoa profesa. Platini inahitaji moto mkali kuliko wa tanuri lile. Ingeyeyuka na kuchanganyika na fedha, hasara ingekuwa kubwa.

Aliiona bangili siku ya harusi, wanawake walipompigia mjomba vigelegele. Alishukuriwa kwa muda wa nusu saa nzima, akaitikia kila shukrani, na jasho likimtoka.

Sasa kuna suala la panya. Thelathini wapo Mlimani, weupe, wana wiki nane. Wakipita wiki kumi hawafai tena kwa jaribio, na kupika dawa kunachukua siku kumi na tatu. Fungate inaisha Jumapili.

Bi Mwanamvua, somo wa bibi harusi, anayemwangalia ndani kwa siku zote saba, hataki kusikia. Bibi harusi havuliwi pambo, na zawadi hairudishwi.

"Panya hao wana nini hata wavishwe bangili?" anauliza kutoka dirishani.

Profesa amemweleza mara nne habari za metali na chumvi. Jina la ugonjwa hajalitaja hata mara moja. Mwandishi anamuuliza kwa nini.

Anasema Mina alikufa mwaka 1970 katika nyumba hii hii, kwa uvimbe wa titi. Yeye alikuwa daktari wa kemia tayari, na watu walimngojea aje na dawa.

"Nilileta aspirini," anasema. "Nikakaa naye siku nzima nisijue la kumwambia. Mpaka leo naona haya."

Mlango unasogea kidogo. Kumbe Mwanvita amesikia yote.

"Mjomba, ni dawa ya ule ugonjwa wa mama?"

Profesa anasimama. Anajibu kwamba ndiyo.

"Itaponya?"

"Sijui, mwanangu. Thelathini na nane zimeshindwa. Hii nayo huenda ikashindwa."

Bi Mwanamvua anasikika akikataza. Mkono wenye hina unatokea kwenye upenyo wa mlango, bangili imeshikwa kwa ncha za vidole.

"Kila aliyeingia alimwambia mama atapona," anasema Mwanvita. "Akawashukuru, nao wakitoka analia. Ulipoondoka wewe hakulia. Alisema, kaka yangu peke yake hakunidanganya."

Profesa anaipokea bangili kwa mikono miwili. Anasema kesho saa moja asubuhi ataanza kuupika mchanganyiko wa thelathini na tisa. Kuhusu dawa hatoi ahadi yoyote. Anaahidi tu kwamba siku matokeo yatakapotoka, yawe mema au mabaya, atakuja mwenyewe hapa kumwambia Mwanvita.