Mita na Magitaa ya Nyota ya Bati

Kwa miaka thelathini na moja aliingia majumbani mwa watu bila kukaribishwa kiti. Alikuwa msoma mita wa maji, na msoma mita ni mtu wa kupita: anabisha hodi, anazunguka uani, anainama, anafuta tope kwenye kioo kwa kidole gumba, anaandika tarakimu zake na kwenda zake. Watu walimwita Mita. Jina likamganda kama kupe, hata alipostaafu mwenye duka la jirani hakujua kama ana jingine.

Huko uani ndiko alikoliona gitaa la kwanza. Lilikuwa limetegwa kwenye dirisha la jiko ili lisijifunge, halina uzi hata mmoja, limekuwa jeusi kwa moshi.

"Mama, hili gitaa la nani?" aliuliza.

"La dirisha," akajibu mwenye nyumba.

Kesho yake Mita alirudi na kipande cha ubao kilichopigwa randa, wakabadilishana. Mama yule alimwangalia kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa asiyejijua.

Gitaa lile lilikuwa kazi ya Fundi Redio. Zamani, kwenye gereji moja nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtengenezaji wa redio alianza kuunda magitaa ya umeme, kwa kuwa wanamuziki wa mji ule hawakuwa na ubavu wa kuagiza ya nje. Shemeji yake, seremala, alichonga miili na shingo. Yeye mwenyewe alisuka koili za kunasa sauti kwa waya aliouchomoa kwenye redio zilizokufa. Kichwani mwa kila gitaa alipigilia nyota ndogo ya bati, na nyuma yake akagonga namba. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili, akatoa magitaa mia mbili na kumi na sita, kisha macho yakamzimikia, yeye asiyekubali kuvaa miwani, na gereji ikafungwa.

Mbao hakuzinunua. Alizitoa kwenye vitu vilivyochoka, na ndani ya kila gitaa, chini ya kifuniko cha nyaya, aliandika kwa penseli mbao zile zilikuwa nini zamani. "Mlango wa ghala." "Kitanda cha shangazi." "Dawati, darasa la tatu." Mita alipofungua lile la dirishani akasoma "Meza ya bucha," aliketi sakafuni akacheka peke yake. Hakuwa amecheka hivyo tangu lini, hakumbuki.

Mchovya asali hachovyi mara moja. Kazi yake ilimpitisha nyumba arobaini kwa siku, na macho yaliyozoea kutafuta mita nyuma ya mapipa na chini ya magunia hayakushindwa kuona shingo ya gitaa nyuma ya kabati. Lingine alilipata limegeuzwa kiango cha nguo. Lingine wenyewe walidhani ni mali ya mpangaji aliyehama. Likiuzwa, alinunua, lisipouzwa, aliomba alifungue tu, aandike namba na ule mwandiko wa penseli kwenye daftari lake. Mkewe alivumilia magitaa matano. La sita lilipoingia chumbani alisema anakwenda kwao wiki mbili kupumzika, na wiki mbili zile hazijaisha mpaka leo. Binti yao wa pekee aliolewa mbali. Alikuwa akipiga simu sikukuu kwa sikukuu, anauliza afya, anauliza mvua, basi.

Miaka ikapita, mambo yakageuka. Watu wa mbali, wenye pesa na wenye kujua, walianza kuyatafuta magitaa ya nyota ya bati. Na palipo na kutafutwa, waigaji hawakosi. Nyota zikakatwa upya, namba zikagongwa upya. Ndipo wanunuzi wakagundua kwamba duniani yupo mtu mmoja tu anayeweza kuliangalia gitaa la Fundi Redio na kusema kweli, naye ni mzee mmoja aliyestaafu, anayeishi vyumba viwili na magitaa kumi na manne ukutani. Wakaanza kumletea. Mita alikuwa akivaa miwani, anatandika taulo mezani, anafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kisahani. Akiridhika anaandika karatasi: namba, mbao, kilichobadilishwa, thamani yake. Asiporidhika anarudisha skrubu zote mahali pake, anasema, "Pole, silo." Hakuna aliyewahi kumbembeleza akaweza.

Ajabu yake, Mita hakujua kupiga gitaa. Vidole vyake vilikuwa vya kushika penseli. Magitaa yale kumi na manne yangekaa bubu, kama si Kinyozi.

Kinyozi alikuwa na kibanda cha viti viwili karibu na kituo cha mafuta, na ujanani alipigia bendi iliyowatoa watu jasho. Alikuja kila Jumamosi alasiri, akishafunga kibanda, na mafuta ya nywele yakinukia hata kabla hajabisha. Alichagua gitaa ukutani kama mtu anavyochagua embe, akalichomeka kwenye amplifaya, akapiga mpaka jua linapungua. Mita alikaa kitandani, mikono magotini. Hawakuongea sana. Baina ya nyimbo Kinyozi alisema, "Kitanda cha shangazi leo kina mafua," na Mita akajibu, "Mwache, umri huo." Miaka tisa walikwenda hivyo. Katika siku saba za juma, Mita aliishi moja. Sita zilizobaki alizipitisha tu.

Kinyozi alikuwa na lake pia, namba arobaini na tatu, lakini halikutoka nyumbani kwake. Hadithi yake Mita aliijua kama sala: jinsi Kinyozi, kijana wa miaka ishirini, alivyokwenda gereji kwa miguu, jinsi Fundi alivyomsikiliza akipiga, kisha akamkabidhi kwa mkono wake na kumwambia, "Hili lilikuwa linakungoja." Mita alimwomba mara nyingi alilete aliingize daftarini. Daima palikuwa na sababu. Sanduku limekwama. Mvua. Jumamosi ijayo.

Basi Jumamosi moja Kinyozi akaja na sanduku.

"Binti yangu ananiita nikaishi kwake," alisema. "Vidole hivi vimeanza kukakamaa, mwenzangu. Juzi nimemkata mteja sikio. Nimepata mtu wa kulinunua, ila anataka karatasi yako. Sitaki kwenda kwa mkwe mikono mitupu."

Habari ya kuhama ilimpiga Mita kifuani, lakini alificha kwa kutandika taulo. "Tulione basi hilo lililokuwa likikungoja," akasema kwa utani.

Alijua kabla hajashika bisibisi. Nyota ilikuwa imekatwa kwa mkasi, kingo zimejikunja. Fundi alikata kwa patasi. Akafungua hivyo hivyo, taratibu kuliko kawaida, kama mtu anayetaka njia iwe ndefu. Skrubu zilikuwa za msalaba, ambazo Fundi hakuwahi kuzitumia. Chini ya kifuniko palikuwa na plaiwudi, na hapakuwa na penseli. Hapakuwa na neno lolote.

Alikaa akitazama pale patupu. Nje mtu alikuwa akiosha pikipiki. Angeweza kuandika. Nani angejua? Neno lake ndilo lililokuwa ushahidi, hakuna aliyemzidi. Lakini alifikiria ile karatasi, na jina lake chini yake, na mkono ukakataa kama punda aliyefika mtoni.

"Silo, ndugu yangu," akasema.

"Silo nini?"

"Si la Fundi."

Kinyozi alitabasamu, akingoja utani umalizike. Haukumalizika. "Nilikwambia alinipa mwenyewe. Kwa mkono wake."

"Uliniambia."

"Kwa hiyo mimi mwongo."

"Sijasema hivyo. Nimesema gitaa."

"Andika, Mita. Maneno mawili tu. Umeandikia watu usiowajua hata sura."

"Niliowaandikia yalikuwa yenyewe."

Kinyozi akasimama. "Wahenga walisema akipenda mtu, chongo huita kengeza," alisema polepole. "Miaka tisa, wewe hata kengeza hukunipa." Akafunga skrubu mwenyewe, kwa vidole vile vilivyokakamaa, na Mita hakuthubutu kumsaidia. Moja ilidondoka ikaviringika chini ya kitanda. Hakuiokota.

Jumamosi iliyofuata Mita alinunua biskuti, akakaa. Hakuja mtu. Ya pili vilevile. Ya tatu akajivika shati safi, akaenda kibandani kunyoa ndevu.

Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni. "Karibu, mzee," akasema. Mzee! Walikuwa wamepishana miezi minne tu. Alimpaka povu, akamwinua kidevu kwa vidole viwili, akampitishia wembe kooni kwa uangalifu wote, hakumkwaruza hata kidogo. Redio ilikuwa ikiongea habari za mpira. Mita alikuwa na maneno aliyoyapanga njia nzima, lakini mtu mwenye wembe kooni hasemi. Alipofutwa povu akatoa hela, Kinyozi akahesabu chenji, akamrudishia yote sawasawa. Siku zote alikuwa akikataa hela yake.

Wiki ya kuhama ilipofika, Mita alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alishusha ukutani namba tisini na nane, "Mlango wa ghala," lililokuwa bora kuliko yote na ambalo Kinyozi alilipenda. Alilifunga kwenye blanketi akalipeleka kwake. Nyumba ilikuwa imeshafungwa maboksi. Kinyozi alikuwa ameketi juu ya moja, akinywa chai.

"Lichukue," Mita alisema. "Liuze au lipige, shauri yako. Karatasi yake iko ndani."

Kinyozi alifunua blanketi, akaligusa shingoni, akafunika tena.

"Rudi nalo," akasema. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sikiliza nikwambie. Gitaa langu alinipa kiongozi wa bendi, likiwa na nyota na namba yake tayari. Mimi gereji sikufika hata siku moja. Ile hadithi niliitunga kumfurahisha msichana mmoja, na yule msichana akanikubali kwa ajili yake, ndiye marehemu mke wangu. Alikuwa akiwasimulia wageni kuliko mimi. Ningeifutaje? Amekufa akiijua hivyo. Baada ya miaka mingi hata mimi nikaanza kuiona ile gereji, nikimwona Fundi na miwani yake."

"Hakuvaa miwani," Mita akasema, kabla hajajizuia.

Kinyozi akacheka kidogo, kwa uchovu. "Unaona sasa? Ndivyo ulivyo wewe." Akamalizia chai yake, akasimama kumsindikiza mlangoni.

Mita alibeba gitaa lake kurudi. Njiani alijitukana kwa sauti mpaka mama muuza mkaa akamgeukia.

Kinyozi aliondoka siku ya pili yake. Kibanda kile kikauza chaja na vifuniko vya simu. Kazi ya Mita, badala ya kupungua, iliongezeka. Jamaa aliyekuwa anunue namba arobaini na tatu alisimulia wenzake kwamba yule mzee alimnyima karatasi hata rafiki yake mwenyewe, na karatasi za Mita zikapanda heshima. Watu walimsifu kwa uaminifu wake. Aliwashukuru, akawafungia magitaa yao, akabaki na sauti ya saa ya ukutani.

Alivumilia miezi mitano. Kisha akapanda basi, saa saba barabarani, akiwa na mfuko wa machungwa.

Walimpokea vizuri mno. Binti alimtolea kiti chenye mto, soda ikafunguliwa mbele yake, feni ikageuzwa impulizie yeye. Kinyozi alikuwa amenenepa, amevaa kanzu nyeupe. Wakaulizana afya, safari, bei ya vitu. Mkwe akauliza Mita anafanya shughuli gani. Akaeleza kwa ufupi. Kila mazungumzo yalikwenda hatua mbili yakasimama. Mita alikuwa akitupia macho pembeni, juu ya kabati, nyuma ya mlango, kama alivyozoea. Sanduku hakuliona. Kuuliza hakuthubutu.

Mjukuu wa kike, wa miaka kama sita, alikuja akaegemea goti la Kinyozi.

"Babu, huyu ni nani?"

Kinyozi alifikiri. Mita aligundua kwamba yeye mwenyewe amebana chupa ya soda kwa mikono miwili.

"Ni mtu wa magitaa," Kinyozi akasema. "Mwamkie."

"Shikamoo, mtu wa magitaa."

"Marahaba, mjukuu wangu," Mita akajibu.

Walimshikilia alale. Akasema ana mteja asubuhi, na hakuwa na mteja. Kinyozi alimsindikiza hadi kituoni, wakasimama bega kwa bega wakitazama barabara. Basi lilipotokea Kinyozi alimwekea mkono begani, akauacha pale kidogo.

"Ulisema kweli," alisema. "Mimi najua. Ila karibu tena, mzee."

Mita alipata kiti cha dirishani. Alipogeuka kupunga mkono, mwenzake alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kurudi, akitembea kwa haraka, kama mtu anayewahi chakula nyumbani kwake. Aliyeketi karibu naye akamuuliza kama anashuka mwisho wa safari. Mita akasema ndiyo, mwisho kabisa, na akashukuru kwamba ameulizwa.